Pesa za bima ya maisha: umwandike nani apokee?

Fomu ya bima ya maisha inauliza mengi: umri, kazi, maradhi uliyowahi kuugua, kama unavuta sigara. Kisha huja mistari michache ya jina la mnufaika, na hapo wengi hujaza haraka na kufunua ukurasa unaofuata. Hilo linanisikitisha. Mengine yote kwenye fomu unaweza kuyaeleza au kuyasahihisha ukiwa hai. Mistari hiyo michache itasomwa siku ambayo wewe hupo kusema ulikusudia nini.

Watu huanza kwa kujiuliza ni nani wanampenda zaidi, au ni nani atanuna asipoandikwa. Mimi naona maswali ya kuanza nayo ni mawili mengine. Pesa hizi nataka zimfae nani? Na siku zikitoka, nani atazishika? Mara nyingine jibu ni mtu mmoja. Mara nyingi ni watu wawili tofauti, na shida kubwa huzaliwa pale mtu anapojibu swali la kwanza tu. Basi nitazilinganisha njia zilizopo kwa maswali hayo mawili, nikikawia zaidi kwenye zile zinazofikisha ndugu mahakamani.

Mwenza, au watoto waliokwisha kukua

Kumwandika mume au mke ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote. Ni mtu mzima, anaweza kudai malipo mwenyewe, na kwa kawaida ndiye anayebaki na nyumba, karo na madeni. Kama watoto ni wenu nyinyi wawili na mwenzako anaweza kusimamia pesa, sioni sababu ya kutafuta njia yenye mizunguko.

Mambo hubadilika pale mmoja wenu ana watoto aliowapata kabla ya ndoa hiyo. Wengi humwandika mwenza kwa asilimia 100, kwa makubaliano ya mdomo kwamba atawakumbuka na wale wa kwanza. Huenda kweli atawakumbuka. Lakini mahali ambapo mnufaika huhesabiwa kuwa mmiliki wa pesa, zikishalipwa ni zake, na ahadi ya mdomo ni vigumu sana kuidai mbele ya hakimu. Hata mwenza mwaminifu huwekwa pabaya: ana wadogo wa kulisha, wakubwa wanamtazama kwa shaka, na kila anachotoa kinaonekana kidogo. Ukitaka watoto wa kwanza wapate, waandike wao wenyewe, kwa sehemu yao. Hapo unamwondolea mwenzako mzigo wa kuwa hakimu wa familia wakati bado analia.

Kwa watoto wazima huja swali la kugawa sawa au kugawa kwa haja. Mimi huegemea usawa, isipokuwa mmoja wao anaishi kwa kukutegemea wewe. Mtoto mwenye kazi nzuri anaweza kuelewa kwa nini kapata kidogo ikiwa ulimwambia ukiwa hai. Akilijua kwanza kwenye barua ya kampuni ya bima, atasoma ndani yake jambo ambalo hukuliandika. Wazazi wanaokutegemea nao wana hoja hiyohiyo: kama kila mwezi unawatumia pesa, kifo chako kitawakatia riziki, hivyo wanastahili sehemu hata kama una mke na watoto.

Mtoto mdogo: kumwandika yeye, kumwandika mtu mzima, au kuweka amana

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo nia njema huharibika zaidi.

Njia ya kwanza ni kuandika jina la mtoto lenyewe. Inaonekana ndiyo salama kuliko zote, maana pesa ni zake na jina ni lake. Lakini kampuni haiwezi kumkabidhi pesa nyingi mtoto wa miaka saba. Ataweza kuzipokea mwenyewe akifikia utu uzima, ambao katika nchi nyingi ni miaka 18. Kabla ya hapo itahitajika mtu anayetambuliwa kisheria azipokee kwa niaba yake, na kama hukumtaja, huenda ikabidi mahakama imteue. Hiyo ni miezi inayopita, pamoja na gharama zake, wakati ambapo karo inadaiwa. Tena mtu atakayeteuliwa huenda asiwe uliyemtaka. Kama uliachana na mzazi mwenzako na humwamini kwa pesa, yeye ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuzishika. Na baada ya yote hayo, siku mtoto anapofikia umri huo, zote zinaangukia mikononi mwake kwa mkupuo. Nchini Marekani, mali ya mtoto inaposhikwa na msimamizi chini ya sheria za majimbo, mara nyingi hukabidhiwa akiwa na miaka 18 au 21. Jiulize wewe ungefanya nini na pesa hizo katika umri huo.

Njia ya pili ni kumwandika mtu mzima unayemwamini, dada au kaka au bibi wa mtoto, ukijua moyoni kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Kwa kasi, njia hii haina mpinzani: mtu mzima anadai, analipwa, anaanza kulipa karo. Udhaifu wake ni kwamba nia yako haionekani popote. Kwenye karatasi pesa ni za dada yako. Akidaiwa, wadai wake wanaweza kuzifuata. Ndoa yake ikivunjika, zinaweza kuingizwa kwenye mgawanyo wa mali. Akifa, zinaingia kwenye mirathi yake na kurithiwa na watoto wake, si wako. Hapa sizungumzii wizi hata kidogo. Mtu mwadilifu kuliko wote anaweza kupata ajali, na mtoto wako akabaki mikono mitupu bila mtu yeyote kufanya dhambi.

Njia ya tatu ni amana: hati inayomtaja mdhamini atakayezishika pesa, mtoto atakayefaidika, na masharti. Unaweza kuandika kwamba zilipe karo na matibabu, kisha mtoto apewe sehemu akiwa na miaka 21 na salio akiwa na miaka 25. Pesa hazihesabiwi kuwa mali binafsi ya mdhamini, na akizitumia vibaya anaweza kushtakiwa. Mdhamini akifa, anawekwa mwingine na pesa zinabaki palepale. Maswali yangu mawili yanapata majibu mawili yaliyoandikwa wazi, na ndiyo maana naipenda. Ubaya wake ni gharama ya kuiandaa na ya kuiendesha. Kwa bima ndogo, gharama hizo zinaweza kula sehemu kubwa ya kilichokusudiwa.

Kuna mahali ambapo sheria imerahisisha. Nchini Uingereza, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya mwaka 1882 kinasema kwamba bima mtu aliyoikata juu ya maisha yake kwa manufaa ya mwenza wake au watoto wake huwa yenyewe ni amana, na kwa muda wote inapowahudumia hao haiingii kwenye mali ya kulipia madeni yake. Singapore, tangu Septemba 2009, mwenye bima anaweza kuchagua kati ya uteuzi wa amana, ambao ni kwa mwenza na watoto peke yao, na uteuzi wa kawaida unaobadilishika. Basi kabla ya kumlipa wakili, iulize kampuni yako kama ina fomu yake ya amana. Baadhi wanazo na hawatozi chochote kwa kuzijaza.

Kati ya njia hizi tatu kuna uchochoro ambao watu hawauoni. Fomu nyingi huwa na nafasi ya kumtaja mtu wa kupokea kwa niaba ya mnufaika aliye mdogo. India, kwa mfano, Sheria ya Bima ya mwaka 1938 katika kifungu cha 39 inamruhusu mwenye bima kufanya hivyo wazi. Mtoto anabaki mnufaika, na mtu mzima anabaki mpokeaji. Kwa bima ya kadiri, mimi ningechagua hii. Kwa bima kubwa, ya kumsomesha mtoto hadi chuo na kubakiza, ningelipia amana. Njia ya kumwandika mtu mzima peke yake ningeiweka mwisho kabisa, na ile ya kumwandika mtoto huku nafasi ya mpokeaji ikiwa tupu nisingeikubali kamwe.

Neno moja zaidi hapa. Anayemlea mtoto na anayeshika pesa zake si lazima wawe mtu mmoja. Shangazi mwenye moyo wa kulea huenda hajui kuweka hesabu, na mjomba mwenye hesabu safi huenda hana subira ya watoto. Ukiwatenganisha, kila mmoja anamwangalia mwenzake, na hilo linamlinda mtoto. Ila wachague watu wanaosemezana, la sivyo kila sare ya shule itakuwa mazungumzo ya amani.

Mtu mzima asiyeweza kusimamia pesa

Mnufaika mwenye ulemavu wa akili, au ndugu anayepambana na kamari au ulevi, anahitaji fikra zilezile za mtoto mdogo, pamoja na jambo jingine. Katika nchi ambako serikali huwasaidia watu wenye ulemavu kwa kupima mali zao, malipo ya mkupuo yanaweza kukata msaada huo. SSI, msaada wa serikali ya Marekani kwa wazee na wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha, una kikomo cha mali cha dola 2,000 kwa mtu mmoja, hivyo urithi wa nia njema unaweza kumwondoa mtu kwenye msaada alioutegemea miaka yote. Huko hutumika amana maalumu ambayo pesa zake hazihesabiwi kuwa mali yake.

Kwa yule asiyeweza kujizuia, uliza kama kampuni inaruhusu wewe mwenyewe kuagiza malipo ya awamu badala ya mkupuo. Baadhi huruhusu. Ni rahisi kuliko amana, ingawa haina masharti ya matumizi: pesa zinakuja kidogo kidogo, lakini zikifika anazitumia apendavyo.

Jina la mtu, au "mirathi yangu"

Baadhi ya watu huandika kwamba malipo yaende kwenye mirathi yao, kisha wosia ugawe. Wana sababu yenye uzito: wosia unaweza kueleza mengi kuliko mistari minne ya fomu, na kila kitu kinagawiwa pamoja.

Tofauti yake na jina la mtu huonekana baada ya msiba. Malipo yenye jina la mnufaika kwa kawaida hayapiti kwenye mirathi. Mnufaika anapeleka cheti cha kifo, kitambulisho na fomu ya madai, na analipwa. Malipo ya mirathi yanasubiri msimamizi athibitishwe na mahakama, na hilo huchukua miezi, penye ugomvi miaka. Wakati huo wadai wako nao wanasimama mstarini, na wao hutangulia warithi. Bima uliyokata ili watoto wale inaweza kuishia kulipa deni la biashara.

Upo wakati ambapo mirathi ni jibu zuri. Kama mali yako karibu yote ni ardhi au nyumba, na madeni na gharama zitahitaji pesa taslimu, sehemu ya bima ikiingia kwenye mirathi inaweza kuzuia nyumba isiuzwe kwa bei ya kutupa. Weka sehemu hiyo tu, asilimia 20 tuseme, na iliyobaki iende kwa watu wenye majina. Bila sababu ya namna hiyo, chagua jina.

Ujue pia kwamba ukiacha nafasi ya mnufaika wazi, au mnufaika wako wa pekee akatangulia kufa, mara nyingi malipo huangukia kwenye mirathi hata kama hukuchagua hivyo. Na wosia kwa kawaida hauwezi kufuta jina lililo kwenye fomu ya bima. Unaweza kuandika kwenye wosia kwamba bima ni ya binti yako, na fomu ikisema ni ya kaka yako, akalipwa kaka yako.

Mnufaika ni mmiliki, au mpokeaji tu?

Nchi hazikubaliani juu ya jambo hili, na kabla hujaamua lolote unapaswa kujua nchi yako imesimama wapi. Kwingine, jina kwenye fomu humfanya mtu kuwa mwenye pesa. Kwingine humfanya kuwa mkono wa kupokea, na baada ya hapo lazima azigawe kwa warithi halali.

India imepita pande zote mbili. Mahakama yao ya Juu ilishikilia kwamba aliyeteuliwa ni mpokeaji tu, na warithi wana haki ya kudai kwake. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2015 yakaweka kwamba mzazi, mwenza au mtoto akiteuliwa, pesa ni zake mwenyewe. Aliyeteuliwa nje ya duara hilo, rafiki kwa mfano, hapati ulinzi huo.

Kwa Waislamu swali hili lina uzito zaidi. Sheria ya mirathi ya Kiislamu imepanga mafungu ya warithi, wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi hausiwi bila ridhaa ya warithi wenzake. Katika takafuli, yaani bima ya kusaidiana inayofuata sharia, aliyeteuliwa mara nyingi huhesabiwa kuwa wasii anayepokea na kugawa. Malaysia, kwa sheria yake ya huduma za fedha za Kiislamu ya mwaka 2013, imefungua milango yote miwili: Mwislamu anaweza kumteua mtu kama wasii, au kama mpokeaji wa hiba (zawadi) yenye masharti, na huyo wa pili pesa ni zake. Hivyo Mwislamu anayejaza fomu asiridhike na jina pekee. Aulize jina hilo linabeba cheo gani, na amwendee mwanachuoni anayemwamini kabla ya kutia saini.

Matokeo ya vitendo ni haya. Mahali ambapo mnufaika ni mpokeaji tu, mwandike mtu mwenye hesabu safi, kwa kuwa yeye ni msimamizi. Mahali ambapo ni mmiliki, mwandike yule hasa unayetaka zimfae.

Uteuzi unaobadilika, na ule usiobadilika

Uteuzi wa kawaida unaweza kuubadilisha wakati wowote bila kumwomba mtu ruhusa. Uteuzi usiobadilika unamfunga mwenye bima: hawezi kumwondoa mnufaika bila ridhaa yake, na mara nyingi hawezi hata kukopa juu ya bima hiyo au kuivunja bila yeye kukubali. Huo wa pili una kazi yake. Walioachana na mmoja anawajibika kuwatunza watoto, bima isiyobadilika inampa yule mwingine uhakika kwamba jina halitafutwa kimyakimya mwaka ujao. Washirika wa biashara nao huutumia. Ukiwa huna wajibu wa namna hiyo, usijifunge. Maisha hugeuka, na ridhaa ya mtu mliyekosana ni ngumu kuipata.

Kwa walio wengi basi uteuzi unaobadilika ndio unaofaa, na hatari yake ni kwamba hawaubadilishi. Kesi mbili za Marekani zinaonyesha hilo zikiwekwa pamoja.

Katika ya kwanza, mtumishi wa serikali kuu alimwandika mkewe mwaka 1996. Wakaachana mwaka 1998. Akaoa tena mwaka 2002, na akafariki mwaka 2008 fomu ikiwa na jina lilelile. Jimbo lao lilikuwa na sheria ya kumsaidia mjane kudai pesa hizo kwa mtalaka, lakini Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba sheria ya shirikisho juu ya bima ya watumishi ndiyo inayotawala. Mtalaka alibaki na zaidi ya dola 124,000.

Katika ya pili, mwanamume alikata bima mwaka 1998 na kumwandika mkewe wa wakati huo, na watoto wake kama wanufaika wa akiba, yaani wa kulipwa ikiwa wa kwanza hayupo. Wakaachana mwaka 2007, akafariki mwaka 2011 bila kubadilisha. Jimbo la Minnesota lilikuwa limepitisha sheria kwamba talaka hufuta uteuzi wa aliyekuwa mwenza, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikaihalalisha. Pesa zikaenda kwa watoto.

Usahaulifu ulikuwa uleule, matokeo yakawa kinyume, kwa tofauti ya sheria ambazo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akizifikiria. Ninachokitazama zaidi kwenye kesi ya pili ni wanufaika wa akiba. Sheria ilimwondoa mtalaka, lakini aliyewaingiza watoto ni baba yao, kwa kuandika majina yao kwenye mstari wa pili.

Mnufaika wa akiba, na namna ya kuandika

Basi jaza mstari wa pili. Mnufaika wa akiba analipwa ikiwa wa kwanza amekufa kabla yako, au hawezi kupokea. Mume na mke husafiri pamoja, na ajali haichagui. Bima nyingi na sheria za baadhi ya nchi hudai mnufaika awe ameishi muda fulani baada ya kifo chako ndipo ahesabiwe. Sheria ya mfano inayotumiwa na majimbo kadhaa ya Marekani imeweka saa 120. Bila jina la akiba, pesa zinarudi kwenye mirathi uliyoikwepa.

Kwa majina, andika jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na uhusiano. Kuandika "wanangu wote" kuna faida moja: atakayezaliwa baadaye huenda akaingia bila wewe kurekebisha. Lakini pia kunafungua mjadala wa nani anahesabiwa: wa kambo, wa kuasili, aliyezaliwa nje ya ndoa. Majina ni bora, mradi kila mtoto akizaliwa uirudie fomu.

Tumia asilimia, si viwango vya pesa. Malipo yanaweza kupungua kwa mkopo uliochukua juu ya bima, au kuongezeka kwa bonasi, na mgao wa viwango hautalingana tena na kilichopo. Jumla lazima ifike 100.

Na kama una wajukuu, uliza iwapo fomu inagawa kwa matawi au kwa vichwa. Chukua watoto watatu wa sehemu sawa, mmoja amekufa kabla yako akiacha watoto wawili. Kwa matawi, theluthi yake inashuka kwa watoto wake, kila mmoja akipata moja ya sita. Kwa vichwa vya walio hai, watoto wawili waliobaki wanachukua nusu kwa nusu na wajukuu hawapati kitu. Mimi huchagua matawi bila kusita. Yatima waliofiwa na mzazi hawastahili kupoteza na fungu lake.

Benki iliyokukopesha

Mkopeshaji akitaka bima kama ulinzi, kuna njia mbili, na zinatofautiana sana. Ukimwandika kuwa mnufaika, analipwa chote, hata kama deni limebaki kidogo, na familia itabaki kumfuata irudishiwe ziada. Ukimkabidhi bima kama dhamana, anachukua kiasi cha deni lililobaki tu, na salio linakwenda kwa wanufaika wako. Omba hii ya pili, na deni likiisha dai barua ya kuiachia bima.

Bima ya kazini na bima yako binafsi

Bima anayokukatia mwajiri huwa na fomu yake, na kubadilisha jina kwenye bima binafsi hakuigusi. Nguvu ya fomu hiyo nayo hutofautiana. Uingereza, mafao mengi ya kifo kazini hushikwa na wadhamini ambao fomu yako kwao ni maelezo ya matakwa: wanaizingatia, lakini uamuzi ni wao. Kwa hiyo yule ambaye lazima apate, hasa mtoto usiyeishi naye, mweke kwenye bima binafsi, na ya kazini iwe nyongeza.

Baada ya kujaza, dai nakala yenye muhuri na tarehe ya kampuni, maana kuna mabadiliko yanayoandikwa na kutiwa saini halafu hayaingizwi kwenye kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fomu irudie kila panapotokea ndoa, talaka, kuzaliwa au kufiwa. Kisha waambie uliowaandika, au angalau mmoja wao, jina la kampuni, namba ya bima na mahali hati ilipo. Usitegemee kampuni iwe na habari za kifo chako. Kwa kawaida hulipa baada ya mtu kwenda kudai, na aendaye kudai ni yule anayejua kwamba bima ipo.